Historia ya Kikapu Inatakiwa Saa Kumi

Kijiwe chetu ni benchi la miguu mitatu na tofali, nje ya kibanda cha kinyozi, mkabala na geti la nyuma la chuo kilichonipa digrii kisha kikanisahau. Leo kimenikumbuka. Ofisi yao ya habari inatafuta mwandishi, na intavyuu ya mwisho ndiyo hii: lete historia ya timu ya kikapu ya wanaume, ukurasa mmoja, leo saa kumi. Kazi ya kweli, bro, yenye meza na kiti. Maktaba wakanijibu, "Hatuna, kaulize wazee." Nikaja kwa wazee. Kinyozi tunamwita Profesa kwa kuwa hakuna asilolijua. Refa alikuwa mlinzi wa geti lile na bado ana filimbi shingoni. Dobi anasema ndiye aliyefua jezi.

— Wazee wangu, timu ilianza lini?

— Andika, Digrii, — Profesa akasema, mkasi hewani. — Mwaka wa mafuriko.

— Wa ukame, — Refa akasema. — Mafuriko ndipo ilipovunjika.

— Mafuriko si yalitangulia ukame?

— Usimkatize mzee, — Dobi akasema. — Haraka haraka haina baraka.

Haraka ipi, na mimi nina miaka minne mtaani? Nikaandika, nikafuta.

— Jezi zilikuwa za kijani, — Dobi akasema.

— Nyekundu.

— Refa, nilizifua kwa mikono hii. Kijani. Zikachuja zikawa nyekundu.

— Kijani kinachujaje kuwa nyekundu, mzee? — nikauliza.

— Sabuni za wakati ule. Wewe umesomea siasa, mambo ya povu tuachie.

— Haya, kombe. Walichukua au hawakuchukua?

— Walichukua, — Profesa akasema. — Wapinzani walikuwa warefu kama nguzo za umeme, kocha akaamuru mipira yote ipite katikati ya miguu yao. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Wapinzani hawakufika, — Refa akasema. — Vijana wetu walicheza peke yao.

— Wakafungwa, — Dobi akaongeza.

— Wakafungwa na nani?

— Ndiyo uchungu wenyewe, mwanangu.

Profesa akapiga kiti chake cha kunyolea.

— Nahodha alifunga kikapu cha ushindi akiwa kwenye kiti hiki, nusu ya kichwa imenyolewa. Mpira ukavuka geti.

— Kweli, — Refa akasema. — Mimi ndiye niliyeukagua ulipoingia.

Kichwa changu kilikuwa kama jezi za Dobi, rangi haijulikani. Hapo akatokea fundi wa kuchomelea, mgeni mtaani, begani amebeba ringi ya kikapu iliyojaa kutu.

— Shikamooni wazee. Chuo kimeikuta hii stoo, nimetumwa niirudishe ilipokuwa. Eti, uwanja ulikuwa wapi?

Profesa akanyoosha mkasi kushoto. Refa akanyoosha filimbi kulia. Dobi akafikiri, akaonyesha nyuma yake. Kila mmoja akautazama mkono wa mwenzake. Mikono ikashuka polepole.

Fundi akaitua ringi miguuni pangu. Niliigusa kwanza, kuhakikisha ipo, ndipo nikaandika: "Timu ilikuwa na ringi." Nikainuka kuelekea getini.

— Andika mbili, — Refa akasema nyuma yangu.

— Tatu, — Dobi akasema.