Shangazi Anatuachia Mizinga

Tarehe 30 Juni, kituo chetu cha ufugaji nyuki kinamuaga mfanyakazi wake anayestaafu baada ya miaka thelathini na mbili kazini, msimamizi wa mizinga, ambaye sote, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, tunamwita Shangazi. Mwandishi wa maneno haya amekuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na tisa, na ameombwa aandike kwa kuwa ndiye anayemfahamu zaidi. Aliomba kazi hiyo apewe mtu mwingine, akakataliwa.

Shangazi aliajiriwa kuosha madebe ya asali. Hakuyaosha sana. Kila asubuhi alikuwa anachuchumaa mbele ya mizinga kutazama miguu ya nyuki wanaorudi, na kwa rangi ya chavua waliyobeba akawa anajua ni mti gani umechanua na uko upande gani. Wala hakuwa anajiwekea siri. Alisubiri saa ya chai, watu wote wakiwa mezani, ndipo atangaze kwamba migunga ya bondeni imefunguka, halafu aongeze sukari kana kwamba hakusema kitu. Mimi nimeitazama miguu hiyo hiyo miaka yote hii. Naona nyuki tu.

Wasiojua kazi yetu waelewe kwamba nyuki wakikosa maua kiangazini, huhama, ukabaki na sanduku tupu na maelezo mengi. Ndiyo maana mizinga yetu haikai. Migunga ikichanua tunaifuata bondeni, alizeti zikichanua tunakwenda kuwapigia wakulima magoti watupe nafasi pembeni ya shamba. Katika uongozi wa Shangazi hatujawahi kuhamwa.

Mwaka mmoja alikosea. Alitupakiza na mizinga kwenye lori hadi msitu wa mikaratusi ulio mbali, tukafika tukakuta visiki. Miti yote ilikuwa imekatwa. Nilifurahi, nisiseme uongo. Lori lilikuwa na safari nyingine, kwa hiyo ikabidi tuishushe mizinga pale pale kwenye uwazi. Mvua ikanyesha, na kwenye ardhi ile iliyoachwa wazi likaota gugu la kishonanguo, likachanua kila mahali, nyuki wakala wakasaza. Tuliporudi na madebe yaliyojaa, ofisi nzima ikasema Shangazi anaona mbali. Hakuona chochote, nilikuwepo! Yeye mwenyewe alizipokea pongezi zote. Wahenga walionya kwamba bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Mimi niliilalia, na madirisha pia.

Hata nyumbani sipumui. Mtoto akikohoa, mke wangu humpigia Shangazi simu kuuliza asali ya maua gani inafaa, nami nimekaa kwenye kochi na sare ya kazi mwilini.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Karibu kila mfuga nyuki anayetuuzia nta leo alifundishwa na Shangazi. Aliwazuia watunza bustani kufyeka ua wa nyuma hadi mkurugenzi mwenyewe akazoea kupita katikati ya magugu. Na aliponiona nimeumwa nyuki usoni mpaka macho yamefumba, alinishika mkono hadi zahanati, akicheka njia nzima, lakini hakuniachia.

Kuanzia Julai msimamizi ni mimi. Cheo hiki nimekitamani mno. Nilichokuwa nikikihofu ni kimoja tu, kiangazi kije, nyuki wahame, na watu waanze kusema kwamba enzi za Shangazi mambo hayakuwa hivi.

Wiki iliyopita aliniita nyuma ya uzio wa kituo, kwenye shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Nilidhani akistaafu atakwenda kupumzika tu huko. Kumbe amekuwa akipanda kimya kimya miti na maua, yakiisha haya yanachanua yale, na mengi kati yake ni ya kiangazi hasa. Akaniambia nisihangaike tena na malori, nyuki, wanawe hao, watavuka uzio wenyewe, chakula kipo.

Kwa hiyo nyuki hawatahama. Nitasifiwa, labda nitapewa na cheti, na kila kijiko cha asali yetu kitakuwa kimetoka kwake. Roho iliniuma hadi nilipofika mezani kwangu, nikaketi, nikajikuta nimeshusha pumzi.

Shangazi, wafanyakazi wote wanakushukuru na kukutakia afya, usingizi mzuri na wajukuu wasio na fujo. Mimi binafsi, shingo upande, nakutakia mvua, na inyeshe zaidi upande wako wa uzio.