Ulinzi wa Ulanzi

Redio ya Yosefu muuza kahawa, hapa kijiweni kwetu Makambako, ina ugonjwa wa kukoroma. Asubuhi hiyo ilitukoromea kwamba nchi nyingi zimeongeza bajeti ya ulinzi. Kristofa, ambaye siku hizi akili yake yote iko kwenye mianzi yake, akasikia "ulanzi", pombe anayoigema humo. Akaruka kwenye benchi, eti hatimaye serikali zimemkumbuka! Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika, halafu tukamwonea huruma. Jumamosi wakwe wanatoka Ludewa kumchukua binti yake, ulanzi wa kuwapokea ndio huo, na kila alfajiri mbeta za mwanzi anazokingia utomvu zinakutwa tupu.

— Ulinzi, mzee! Mizinga! — alisema Profesa, ambaye chuo anakijua kwa geti.

— Mizinga ya nini, na vita hawana?

— Jirani kanunua. Jirani akileta mbwa, wewe si unatafuta wawili?

— Acha uongo — nikamkata. — Wauza silaha ndio wanaowatia watu hofu.

— Nyie hamjui kitu — akasema Remmy, mlinzi wa mianzi ya Kristofa. Jina la Komandoo kajipa mwenyewe, kisa buti. — Maadui wanaongezeka. Jana nimewasikia, kikosi kizima! Nchi isipoongeza bajeti imekwisha. Na wewe Kristofa, bila tochi kubwa na msaidizi, wakwe watakunywa maji.

— Si ulitaka mbwa, nikakuletea?

— Mbwa kahongwa.

— Na nani?

— Hiyo siri ya ulinzi, mzee.

— Watakuwa na droni — Profesa akadakia. — Inashuka, inanyonya, inapaa!

Kristofa akashika kichwa.

— Basi. Nauza ndama.

Roho iliniuma. Ndama mwenyewe ndiye zawadi ya binti.

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri basi la Njombe akaweka kikombe chini.

— Kamwene, baba zangu. Samahani. Kabla hamjaweka mlinzi, mbeta zilikuwa zinakutwa tupu?

Yosefu akapunguza redio.

— Zilikuwa... zinapungua kidogo — alisema Kristofa taratibu. — Tupu kabisa ni tangu...

Komandoo akashikwa na kwikwi. Akainama, akafunga kamba za buti, akaaga kwamba anawahi lindo, na jua ndiyo kwanza linapanda.

— Kaa, Komandoo, unywe kahawa — Kristofa akamvuta mkono, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo alikuwa anacheka. — Ndama haendi popote. Usiku wa leo nalinda mimi na mbwa, tuone hiyo droni itatua wapi.