Kikombe cha Mpaka Rangi

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali, limeegemea ukuta wa hospitali nje ya geti la nyuma, na wenyeji wake hawazidi wanne. Mheshimiwa ni fundi viatu. Jina hilo alijipa mwenyewe, watu wakachoka kumpinga. Dereva ni wa gari la wagonjwa, husubiri wito hapo hapo, simu gotini. Mpaka rangi hupita asubuhi, akanywa kahawa yake, akaenda zake kazini. Wa nne ni dada mmoja wanayemwita Mtandao, na leo alifika saa sita mchana kanuna, hana salamu. Mama Kahawa ana jiko lake hatua kumi kutoka hapo, na sheria yake ni moja tu: ukimaliza, fudikiza kikombe chako, mdomo chini, pale ulipokaa, hutaulizwa tena.

Mtandao ndiye aliyeitengeneza programu ya hospitali. Zahanati tisa za nje huko huiandikia: hapa kuna mjamzito, hali si nzuri, leteni gari. Programu inapokea, simu ya Dereva inalia. Mwaka wa pili huu. Lakini tangu Jumatatu kompyuta inanguruma kutwa, ujumbe unachelewa, na jana mmoja ulifika baada ya dakika arobaini. Mama yule alifikishwa salama, lakini Mtandao hakupata usingizi. Asubuhi hii Matroni alimwambia, tena kwa sauti ya chini, jambo lililomuuma zaidi: ikifika saa nane haijapona, naing'oa, tunarudi kwenye daftari.

— Daftari! Mtandao alisema. Enzi za daftari simu ilikuwa inalia ofisini na hakuna mtu wa kuipokea. Tumesahau?

— Mimi sijasahau, alisema Dereva. Kwani inaumwa nini hasa?

— Prosesa. Ule ubongo wa kompyuta. Programu yangu inautumia wote, asilimia mia, na kazi yenyewe haipo! Ujumbe hauzidi ishirini kwa siku.

— Anamaliza kila kitu na hafanyi chochote? Mheshimiwa akaweka sindano chini. Huyo namjua. Shemeji yangu.

— Ni joto tu hilo, alisema Dereva. Gari likifanya hivyo unafungua boneti, unaliacha lipoe.

— Nimeifungua jana, nikatoa vumbi lote. Ilipoa, nikaiwasha, ikaanza upya.

Mama Kahawa akapita mbele yao na birika mpaka mwisho wa benchi, akainama, akasonya, akarudi jikoni kwake. Miwani yake ilikaliwa juzi. Nani aliyeikalia, hasemi, ila Mheshimiwa siku mbili hizi kahawa yake inakuja imepoa.

— Mimi naona imeanza kufikiri, alisema Mheshimiwa.

— Kufikiri nini?

— Mambo yake! Miaka miwili inasomewa habari za uchungu, za damu, za kuita gari. Hata wewe ungekuwa na mawazo. Hiyo inataka likizo, dada yangu.

— Mheshimiwa, tafadhali.

— Haya, kama si mawazo, basi mapenzi. Zahanati tisa, kompyuta tisa, na yenyewe iko peke yake ofisini. Kuna mmoja kaipendeza. Sasa hiyo asilimia mia unadhani ni ya nini?

Dereva alicheka mpaka tofali likacheza. Mtandao alitaka kukasirika, akashindwa, akajikuta anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kisha akakumbuka saa nane, tabasamu likaisha.

— Sikilizeni, akasema. Nimeifuatilia hatua kwa hatua. Inazipitia zahanati moja moja na kuziuliza: una neno? Wote wakiwa kimya, inatakiwa ilale mpaka mmoja aseme. Sasa hii hailali. Kila ikitaka kulala kuna kitu kinaiamsha.

— Mbu, alisema Dereva.

— Mbu gani, we! alisema Mheshimiwa. Ni ng'ambo. Kuna kompyuta kubwa huko inaishawishi ihame. Wanajadiliana mshahara. Siku moja utafungua mlango ukute meza tupu, na hata waya imechukua.

Mama Kahawa akaja tena na birika. Akafika mwisho wa benchi, akainama, akasonya, akaondoka.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mgeni, tumbo mbele, kadi ya kliniki mkononi, vumbi mpaka magotini. Akasalimia, wakaitikia.

— Karibu dada, pumzika, alisema Dereva.

— Nipumzike wapi? Hapa pana mtu? Akaonyesha kikombe kilichokaa peke yake mwisho wa benchi.

— Alikuwepo Mpaka rangi. Kaondoka tangu asubuhi.

— Atarudi?

— Leo harudi. Si unaona kafudikiza kikombe? Kaaga huyo.

— Sasa kama kaaga, mbona kikombe hamkiondoi?

Wakatazamana. Mama Kahawa alikuwa anakuja kwa mara nyingine, birika mkononi, akasimama.

— Mimi nikiwa jikoni, bila miwani, naona kikombe tu, najua pana mtu, alijitetea. Nikifika naona kimefudikizwa, narudi zangu.

— Na ukisharudi? aliuliza mgeni.

— Naona kikombe.

Mtandao alisimama wima.

— Dada, umetokea wapi na vumbi lote hilo?

— Kule darajani. Zahanati yetu wameifunga tangu Jumatatu, paa linatengenezwa. Ndiyo maana nimekuja huku.

— Jumatatu! Mtandao akajipiga paji la uso. Na hakuna aliyeniambia! Siku zote zahanati zikikata mawasiliano, zinarudi baada ya dakika mbili na kukaa pale pale pao, kwa hiyo sikuona kitu. Hii ya darajani imeaga, haikurudi, na mimi sikuwahi kuiambia programu kwamba akiaga, mtoe. Ikiiuliza una neno, inajibiwa hapo hapo: nimeshaaga. Inauliza tena. Inajibiwa tena. Italala saa ngapi?

— Kwa hiyo si mapenzi? aliuliza Mheshimiwa, kwa masikitiko ya kweli.

Mtandao alikuwa amekwisha kuingia getini.

Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari miwili. Alipoiwasha upya, feni ya kompyuta ilipunguza sauti taratibu, ikashuka, ikawa kama haipo. Matroni alitokea mlangoni, anatazama saa ya ukutani. Saa saba na nusu.

— Mbona kimya? Imezimika?

— Imelala, Matroni, alisema Mtandao, na machozi yakamtoka bila yeye kutaka. Wote wako kimya, imelala.

Aliporudi kwenye benchi, mgeni alikuwa amekaa mahali pa Mpaka rangi, viatu amevua, na Mheshimiwa anavitazama soli bila kuombwa. Mtandao hakuwa amekaa vizuri, simu ya Dereva ikalia.

— Zahanati ya mlimani, alisoma. Uchungu tangu alfajiri, mtoto kakaa vibaya. Akaangalia saa ya ujumbe, kisha akamwangalia Mtandao. Umetumwa dakika hii hii.

Akapiga funda la mwisho, akafudikiza kikombe chake, akakimbia. Wote wakamgeukia Mama Kahawa. Naye akaacha birika, akaja akipapasa ubao wa benchi kwa kiganja, akakishika kile kikombe, na gari lilipotoka getini likipiga king'ora, kilikuwa tayari kwenye beseni la maji.