Daftari la Umbali la Nkwabi Masele

Wapendwa tuliokusanyika hapa Kiseke, familia inawasomea maisha ya ndugu yetu Nkwabi Masele, na tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa sehemu moja ya historia hii imebidi iandikwe upya jana mchana, na hata sasa hatuna hakika kama tumeielewa.

Marehemu alizaliwa Kisesa, wilayani Magu, tarehe 3 Machi 1961, ingawa kitambulisho chake kinasema 1963, na mwenyewe alipoulizwa alicheka tu, hivyo ametuacha akiwa na miaka 63 au 61, kila mtu achukue anayoipenda. Alisoma shule ya msingi hapohapo Kisesa kuanzia 1970 hadi 1976, akafanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba mjini Mwanza tangu 1979 hadi kilipopunguza watu Juni 1991, kisha akanunua boti ndogo ya injini, akaanza kuwapeleka wageni kutazama viboko, fisi maji na ndege wa ziwani upande wa Kamanga.

Wengi wenu mnaujua utaratibu wake, kwamba hatua mia mbili kutoka alipo kiboko, akizipima kwa jicho, alizima injini na hakusogea tena, na mgeni aliyelalamika kwamba hakuja kutazama nukta nyeusi majini alijibiwa kwamba mwenye macho haambiwi tazama, na akizidi kulalamika alirudishwa nchi kavu. Kila safari aliiandika kwenye daftari, tarehe, mnyama, umbali, na kama alishtuka au hakushtuka, kwani kwake mnyama akishtuka safari ilikuwa imeharibika.

Alifunga ndoa na Suzana tarehe 15 Julai 1989, wakajaliwa watoto wawili, Dorcas na Nathaniel, na hapa ndipo tulipochanganyikiwa. Sote tunajua, kwa kuwa Suzana amelisema miaka yote na marehemu hakuwahi kubisha, kwamba Dorcas alipozaliwa tarehe 11 Mei 1994 baba yake alikuwa ziwani na viboko wake, akafika hospitali siku ya pili, na ndivyo tulivyokuwa tumeandika. Lakini jana, tulipofungua madaftari kutafuta tarehe ya kuanza kwa safari zake, tulikuta chini ya 11 Mei 1994, baada ya kiboko jike wa asubuhi, maneno haya: Suzana na mtoto, kupitia dirishani, hatua kumi, wamelala, hawakushtuka.

Suzana amesoma mstari huo mara tatu, akauliza kwa nini hakugonga kioo, na kwa nini alikubali kulaumiwa miaka thelathini kwa kosa ambalo hakulifanya. Dorcas alilia, Nathaniel alicheka, na Suzana mwenyewe anasema hajui amkasirikie au amshukuru.

Marehemu alianza kusumbuliwa na figo Septemba 2023, akalazwa mara nne, na akafariki tarehe 7 Februari 2025, saa nne asubuhi. Daftari la mwisho lilikuwa chini ya mto wake, na mstari wa mwisho ni wa siku moja kabla: Suzana, kwenye kiti, hatua moja, amelala, nisimwamshe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kiseke waliopika na kulala nasi msibani, na waendesha boti wenzake wa Kamanga, ambao asubuhi ya leo hawakuwasha injini hata moja.

Kabla jeneza halijafungwa kwa safari ya Kisesa, Suzana anaomba apewe nafasi ya kwanza, asishikwe mkono wala asizuiwe, maana anataka kusogea mpaka amguse, na ana neno la kumwambia sikioni.

Nkwabi, lala kwa amani, mkeo anakuja.