Hori Nililolicheka

Mchungaji, wazee, kina mama na ndugu zangu wote wa usharika, nashukuru mmenipa nafasi kabla hamjapiga kura. Nimesikia Ziwa Eyasi limejaa tena na kikundi chenu kinataka kujenga boti yake ya kwanza. Mchoro mlioubandika pale ukutani unapendeza kweli. Na mimi wangu ulipendeza. Nisikilizeni kwanza, halafu mchague.

Mnanijua kama fundi wa Mbulumbulu, wa milango, vitanda na mikokoteni ya ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya sabini mvua zilinyesha mpaka ziwa likapanda, na watu wakawa wanatoka Mang'ola na kambale wa urefu wa mkono. Mimi na mdogo wangu tukasema, kwa nini tusijenge boti? Mbao ninazijua. Kuogelea hatukujua hata mmoja, lakini tulijiambia kwamba boti ndiyo inayoelea, si mtu.

Kule ziwani kulikuwa na mzee mmoja aliyetoka upande wa Mwanza, mvuvi wa miaka mingi. Alikuwa na michoro miwili aliyoichora kwa penseli kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Mmoja ulikuwa wa boti kubwa, tumbo la mviringo, na mkuku, yaani lile gogo refu linalopita chini katikati. Mwingine ulikuwa wa boti ndogo yenye chini bapa, mbao chache, pembe zilizonyooka.

"Fundi, hii ndogo ndiyo ya mtu anayeanza," akaniambia.

Mdogo wangu akacheka. "Mzee, hili si hori la kunyweshea ng'ombe?"

"Ndilo. Umewahi kuona hori limepinduka?"

Tulicheka sote watatu. Kisha nikachukua ule mkubwa. Mzee akaniuliza, "Unajua maji ya hapa yana kina gani? Mbao ndefu unazo? Na huo mchoro usiukate wala kuuongeza, kila kipimo kinamshika mwenzake." Nikamjibu, "Shikamoo mzee, nimekuelewa." Shikamoo ile ilikuwa ya kumnyamazisha.

Ndugu zangu, nawaambia kosa langu lilivyokuwa, na mfuate polepole. Mbao za kukunja kwa tumbo pana sikuwa nazo, na misumari siku zile mlikuwa mnaipangia foleni kama sukari. Basi nikapunguza upana, shubiri mbili. Nikaona boti imekuwa nyembamba, haitabeba samaki wengi. Nikafanya nini? Nikafanya kile kila mmoja wenu anachofanya na mkokoteni wakati wa mavuno: nikaongeza ubao juu, kila upande. Mkokoteni ukiongezewa ubao unabeba magunia zaidi, na barabara haiupindui. Lakini maji si barabara. Boti nyembamba yenye kuta ndefu uzito wake unakaa juu, na upepo unapata mahali pa kusukuma.

Tuliishusha ziwani kwa lori. Siku ya tatu, mchana, tukiwa tunavua, ule upepo wa Eyasi mnaoujua ukaja. Boti ililala ubavu mara moja tu, ikageuka. Mimi nilitupwa nje. Mdogo wangu alibaki chini yake, amenaswa na wavu.

Nilipapatika, nikashusha miguu, nikasimama. Maji yalinifika kifuani. Kifuani, ndugu zangu. Ule mkuku nilioutaka ulikuwa wa maji ya kina ambayo pale hayakuwepo. Nikaishika boti niinyanyue. Nilikuwa nimeijenga nzito. Niliinyanyua kidogo, ikanirudia, nikainyanyua tena. Watu walipofika kutoka ufukweni, yeye alikuwa ameshatulia.

Msibani niliwaambia wote kwamba ni upepo. Hata mke wake nilimwambia hivyo.

Desturi yetu ya zamani ya metimani mnaijua: nyumba iliyofiwa hujitenga, haiingii kwa jirani, haichoti maji pamoja na wengine, mpaka muda wake uishe. Sisi wa kanisani tulikuwa tumeiacha. Mimi niliirudia peke yangu, na muda wake sikutaka uishe. Mwaka mzima sikuingia kwa mtu, sikushika randa. Watu walidhani ni huzuni. Ilikuwa pia woga, kwamba nikikaa na mtu ataniuliza.

Aliyevuka kizingiti ni shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu. Aliingia bila hodi, ameshika ule mchoro wa boti ndogo. Kumbe mzee wa ziwani alikuwa amempelekea.

"Shemeji, mimi si fundi. Nieleze kama mtoto wa darasa la kwanza. Boti yako ilikuwa tofauti na hii?"

"Tofauti. Ilikuwa ya ule mchoro mkubwa."

"Upana?"

"Niliupunguza. Mbao hazikutosha."

"Na kuta?"

"Niliziongeza."

"Mzee alikukataza?"

Kuku aliyekuwa mlangoni akaingia ndani, nikamfukuza.

"Alinikataza," nikasema. "Haukuwa upepo, shemeji. Nilikuwa mimi."

Alilia, na sitawadanganya kwamba alinikumbatia. Alipomaliza aliniambia, "Hayo ndiyo niliyoyangoja mwaka mzima. Watoto wanakula nini? Jenga hii. Kama ilivyoandikwa."

Niliijenga. Shubiri kwa shubiri, bila kuongeza ubao. Siku ya kuishusha upepo ulikuwepo, nami nikasimama ufukweni. Shemeji akaingia wa kwanza, akakaa pale ambapo mume wake angekaa, akaniambia, "Twende." Ilitikisika, ikatulia. Iliwalisha watoto wake mpaka wakakua. Mimi bado naota ninanyanyua boti.

Namshukuru yule mzee, ambaye hakunisema hata siku moja. Nawashukuru majirani walioendelea kuniachia maji mlangoni. Namshukuru Mungu. Na wewe shemeji, uliyekaa pale nyuma, jina silitaji, lakini unajua.

Mchoro ule wa ukutani ni wa maji marefu na mafundi waliozoea. Msiukatae kwa sababu yangu, wala msiuchukue kwa sababu ya uzuri wake. Kwanza kapimeni maji, hesabuni mbao mlizonazo, na mkiri kwamba hamjawahi kujenga boti. Mkishachagua, msiongeze kitu. Mchoro wa hori ninao hapa mfukoni, umechakaa. Naomba kura isubiri. Kesho asubuhi twendeni Mang'ola, kila mtu na fimbo ndefu. Nitaingia majini mbele yenu, niwaonyeshe niliposimama.