Blanketi la Arusi la Clifford Ormerod

Wewe uliyekaa chini ya picha ya timu, unayemnong'oneza mwenzako kwamba mambo haya yametiwa chumvi, weka kikombe chako chini usikilize, maana anayewasomea ni mke wa marehemu, Enid, aliyekuwapo siku zote, na wewe ulikuwa unalipia kiti Jumamosi tu. Historia huandikwa kwa kumtaja kila mtu kwa jina, kwa hiyo naye atajitaja hivyo hivyo.

Marehemu Clifford Ormerod alizaliwa tarehe 14 Machi 1926, katika nyumba za wachimba makaa hapa Skelbrough, kaskazini mwa Uingereza, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Seth Ormerod, mchimbaji, na Bibi Hannah, wa kiwanda cha pamba. Alisoma shule ya kanisa hadi mwaka 1940, akatoka akijua kusoma, kujumlisha na kupiga mpira kwa kichwa, akashuka mgodini pamoja na baba yake, na baada ya vita kwisha, akasajiliwa Agosti 1946 na klabu hii ya Skelbrough Town kuwa beki wa kati.

Uwanja wa klabu hii, kama mjuavyo, wazee waliuita Bi Mkubwa, na Clifford naye akauita hivyo, na Enid, aliyekuwa akishona mapazia dukani kwa Mama Pickup, alielewa mapema kwamba akiolewa yeye ndiye atakayekuwa mdogo. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 15 Aprili 1950, saa tano asubuhi, kwa sababu wachezaji wote wa enzi zile walioana asubuhi wakacheza mchana, na saa tisa kamili bwana arusi alikuwa ndani ya kaptula, na bibi arusi yuko jukwaani na shela yake, mvua inamnyeshea, anamtazama mumewe akilala kifudifudi kwenye matope ya yule mwingine. Walishinda mbili kwa moja. Watu walimpongeza Enid kana kwamba yeye ndiye aliyefunga.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Alan, aliyezaliwa mwaka 1952 wakati timu iko safarini, na Maureen, ambaye habari zake zinakuja. Goti lilimstaafisha Clifford mwaka 1959, akawa mwalimu wa timu ya akiba, na Julai 1961 wakurugenzi wakamfanya meneja, wakawapa nyumba ya klabu ambayo dirisha lake la jikoni, mwenye akili aliyeijenga, lilitazama uwanjani moja kwa moja.

Sasa ndipo penye lile ambalo wengine mnalitilia shaka. Januari 1963 barafu ilishika nchi nzima, mechi zikaahirishwa wiki baada ya wiki, wakatandaza majani makavu uwanjani ili usigande, yakaisha, na alasiri moja Clifford akaingia chumbani akalibeba blanketi la arusi, jekundu, la manyoya ya bata, lililoshonwa na mama mkwe wake kwa mkono, ili akalifunike eneo la goli. Enid, mwenye mimba ya miezi saba, alisimama mlangoni akamuuliza yeye atajifunika nini. Clifford hakuwa mtu wa maneno makali, akajibu kwa upole uliozidi kuudhi.

"Mke wangu, wewe una jiko la makaa. Yule hana kitu."

Enid aliliona blanketi lake kutoka dirishani likiwa kifuani mwa mwenzake kwa siku kumi na moja, na lilirudi na doa la tope ambalo sabuni haikuliweza. Mechi haikuchezwa. Maureen alizaliwa tarehe 9 Machi, wiki ambayo barafu iliyeyuka, na babake alifika hospitali na viatu vya matope.

Mwaka 1968 aliipandisha timu hii daraja, picha ipo hapo ukutani, na Novemba 1974, baada ya kufungwa mechi sita, wakurugenzi wakamfukuza kwa simu akiwa anakula pai. Enid, na asitazamwe hivyo, alifurahi, akanunua viti viwili vya bustani, akisema sasa mume amepatikana. Jumatatu asubuhi mume alikuwa uwanjani na uma wa bustani, anarudishia vipande vya nyasi vilivyong'olewa, bila kazi, bila mshahara, na wale waliomfukuza wanampungia mkono. Kiti cha pili kilikaliwa na paka.

Ugonjwa wa kusahau ulianza mwaka 1991. Daktari aliuliza marehemu alipiga kwa kichwa mipira mingapi, ile ya ngozi iliyokuwa ikilowa mvua ikawa kama jiwe, na familia ikacheka kwanza, kisha ikaacha kucheka. Alimsahau Alan, akamsahau Maureen, akamwita Enid mwamuzi, lakini Bi Mkubwa hakumsahau hata siku moja. Asubuhi ya mwisho kabla ya kupelekwa hospitali Enid alikuwa amesinzia kitini, akaamka kukuta marehemu anamfunika kwa blanketi lile lile, anakandamiza kingo kwa mguu, kama majani yanavyokandamizwa uwanjani.

"Usigande," akamwambia. "Jumamosi watu wanakuja kukuona."

Enid akajua amefunikwa kwa niaba ya mwenzake, wivu ukampanda hata siku ile, akataka kulitupa chini. Kisha Clifford akainama karibu na sikio lake, kwa siri.

"Na Enid akiuliza blanketi lake, mwambie ninalirudisha. Mwambie nakuja nalo."

Miaka arobaini na mitano Enid alikaa na mumewe akisikiliza habari za yule, na mara hiyo moja alikaa mahali pa yule akasikiliza habari zake mwenyewe. Clifford alifariki tarehe 2 Februari 1996.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mtaa wa Tanner waliochota makaa, na wachezaji wenzake waliokuja kumnyoa ndevu. Inamshukuru pia mwenyekiti Bwana Garstang, aliyekwisha kuchimba kishimo golini ili majivu ya marehemu yazikwe humo, akamwambia Enid, "Mama, Cliff alikuwa mtu wa watu," na Enid akamjibu kwamba watu walikuwa naye saa moja na nusu kwa wiki, wala hakuna aliyewahi kufua soksi. Kishimo hicho kifukieni. Marehemu alisema anakuja.

Basi Clifford, pumzika, wiki hii huna mechi. Kisanduku cha majivu yako kimo ndani ya blanketi jekundu hapa mezani, na mkeo anakibeba. Nje kunaganda, na yule usiku huu atalala wazi. Karatasi imekwisha, Enid anatoka, na mlango anaufunga mwenyewe.