Mama Mdogo na Ile Diploma

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yangu mdogo, fundi wa kusuka mota, na naomba radhi mapema, kwa sababu karatasi zake zimenichanganya.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, akamaliza shule ya msingi 1980, sekondari 1984, na Januari 1985 akaingia chuo cha ufundi, ambako, kama alivyotusimulia miaka yote, alifeli mara nne, akarudia mara nne, akapata diploma 1993. Juzi, nikitafuta tarehe kamili kabatini mwake, nikakuta barua ya chuo inayosema aliacha masomo kwa hiari yake tarehe 9 Juni 1987, na hakurudi.

Baba Mdogo, aliyefunga naye ndoa tarehe 5 Septemba 1992, wakajaliwa mabinti wawili, ameniambia, "Mwanangu, soma tarehe ukae," lakini nisome ipi, jamani?

Mwaka 1996 alifungua karakana, na tangu 2005 akalea vijana kumi na wanane, nami nikiwemo, kila mmoja akibandika ukutani mpango wake wa miaka mitano, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tukisomeana tulichoshindwa, naye akicheka, "Haya, mbishi wangu, umefeli tena? Karibu chamani kwetu tuliofeli!" Ukipoteza hesabu ya mizunguko ya waya, hata mmoja, alifumua koili yote mbele yako, sasa mtu wa namna hiyo aliwezaje kutuachia hesabu hii? Mimi nimefeli mtihani uleule mara mbili, na ningeshaacha chuo zamani kama si hiyo diploma yake.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2023, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, miezi ishirini na moja, bila kukosa hata siku moja, hili nimelihakiki kwa wauguzi wenyewe, hadi alipofariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024. Aliyeacha chuo ni yeye, na huyu naye ni yeye, sielewi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliompeleka na kumrudisha, na mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo.

Marudio yangu ya mwisho ya mtihani huo ni Jumatatu saa tatu asubuhi, nitaingia, ingawa sijui tena ni nani aliyenifundisha kung'ang'ania. Mama Mdogo, nimekukasirikia sana, pumzika kwa amani.